Maji Yalipopita Alama

Mama wenzangu, mtoto akisema bado anajaribu programu yake, msimharakishe.

Binti yangu Zornitsa aliweka pampu ya dawa za wagonjwa juu ya meza yetu ya jikoni, ikidondosha maji kwenye glasi. Programu yake iliita amri ya kuisimamisha, iliyoandikwa kwa lugha nyingine ya kompyuta, na pampu ikasimama maji yalipofika kwenye alama ya glasi.

"Imekubali! Itume, dada, hospitali inangoja," mwenzake wa kazini alipayuka kwenye simu. "Au unataka tuzeekee hapa?"

"Nimeiita ikiwa peke yake. Sijaiita ndani ya marudio, pale kompyuta inaporudia kazi mpaka iambiwe basi."

"Amri si ni ile ile, mkaidi wewe!"

"Basi zeeka kidogo."

Akamwaga maji ya glasi, akaiweka amri ndani ya marudio, akabonyeza.

Maji yakafika kwenye alama, yakapita. Yakavimba juu ya ukingo wa glasi, yakatetemeka, kisha yakamwagika, yakalowesha banitsa, mkate wetu wa jibini, niliyotoka kuiopoa kwenye oveni, yakanichuruzikia miguuni.



"Hiyo glasi ingekuwa mtu," Zornitsa akasema taratibu.

Nikasimama na soksi zangu chepechepe, nikimshukuru Mungu kwa kila tone.

"Haya, mwanangu," nikamwambia. "Iite amri hiyo na kwingine kote kabla ya kutuma."