Komeo la Bi Kanga

Inasemwa Nguchiro aliiba mayai ya Bi Kanga, akafungwa misimu mitatu. Gerezani Mzee Nungunungu alimfunza useremala. Siku ya kutoka alikwenda moja kwa moja kwa Bi Kanga kuomba radhi, na kazi.

"Shikamoo, Bi Kanga."

Bi Kanga hakuitikia marahaba. "Mwizi mkubwa! Unauona mlango huu? Tangu niununue sokoni, hata ganda la yai halijapotea. Aliyeutengeneza ana mikono ya baraka, si hiyo yako!"

Nguchiro akaukagua mlango. "Lakini Bi Kanga, mlango huo niliuchonga mimi gerezani, ukapelekwa kuuzwa sokoni. Tazama nyuma ya komeo, nilitia alama ya jino langu."

Bi Kanga akainama, akaiona. Akamtazama Nguchiro, akautazama mlango, akamtazama tena Nguchiro.

"Mlango ni mzuri," akasema hatimaye. "Lakini mwizi ni mwizi."

Akaingia, akajifungia kwa mlango ule ule. Nguchiro akabaki nje na msumeno wake, asijue kifungo chake kilikwisha lini, au kama kilikwisha. Alichosikia ni komeo tu, likiteleza bila kukwama, kama alivyolilainisha mwenyewe ili mwenye nyumba alale kwa amani.