Walii Yumo Gizani

Feni la darini lilizunguka kwa uvivu, likasita, likanyamaza. Kibao cha kutangazia ndege kikazimika. Mlango wa kioo, ule unaojifungua wenyewe mtu akiukaribia, ukabaki umebana mdomo, na waliokuja kupokea wageni wao wakabaki nje wakiutazama.

"Jamani, tena?" mtu akasema.

Bi Johari alikuwa ameketi kwenye ukingo wa saruji, magoti yakimuuma, mjukuu wake Wardah akimpepea kwa kipande cha boksi. Joto la adhuhuri upande wa Changamwe halimwonei mtu huruma. Hata hivyo Bi Johari hakuitoa mikono yake ndani ya buibui.

Ndani ya jengo lile lenye giza alikuwamo Mzee Ghalib, aliyetua kutoka Maskati kabla tu ya umeme kukatika. Yeye ndiye walii, mwanamume wa pekee aliyebaki katika ukoo wa kumwozesha bi harusi. Bila yeye hapana nikaha, na nikaha imewekwa baada ya swala ya alasiri, msikitini Mishomoroni. Hussam, bwana harusi, ameshavuka feri na watu wake kutoka Likoni. Nyumbani pilau li motoni.

Wangeweza kumalizana kwa simu, maana siku hizi wengi huwakilisha hivyo. Ghalib alikataa. Mkono wa nikaha, alisema, haupelekwi hewani. Na ukweli ni kuwa harusi yenyewe hakuipenda; tangu posa ilipokuja alikuwa akisema watu watatucheka. Mwishowe alikubali shingo upande, akatoa sharti lake: atakuja mara moja, na safari hiyo ikiingia mkosi, atajua Mola hakuiandika, na wasimtajie tena.

Sasa mkosi wenyewe ndio huu.

Watu walimsonga askari wa mlangoni. Aliulizwa jenereta iko wapi, akasema iliwaka ikazimika. Aliulizwa itawaka lini, akasema yeye ni wa mlango tu. Dereva mmoja wa teksi akasema kwake Miritini ana paneli moja ya sola juu ya mabati na inawasha hadi redio ya jirani. Uwanja wa kimataifa ukitaka, uje uazime. Waliocheka walicheka kidogo, kicheko cha watu waliozoea. Wengine walishachoka hata kukasirika, wamejilaza kwenye vigari vya mizigo, macho wameyafumba.

"Mimi tokeni ya stima ikiisha nalala giza, na hakuna mtu ananiomba msamaha," akasema Philister, mama wa bara aliyekuwa akimngoja mumewe. "Sasa hawa nani alisahau kuwanunulia?"

Akajibwaga kando ya Bi Johari na kuvua viatu. Habari ya walii alikwisha kuisikia, kwa kuwa katika kungoja huko hapana siri. Macho yake yakatua kwenye mikono ya Wardah, hina na piko hadi vifundoni.

"Kumbe ni wewe!" akasema. "Na wamekuachilia utoke? Mimi nilisikia huku kwenu Pwani bibi harusi anafichwa ndani."

Wardah akaangua kicheko, akakiziba kwa mtandio. Bi Johari akamfinya paja. Philister akaona ni haya za kisichana, akaanza kumpa nasaha: mume asizoeshwe chai ya kitandani, na mama mkwe asipewe nambari ya simu mapema.

Ili kuyakata maneno hayo, Bi Johari akamgeukia mjukuu wake. "Kitendawili."

"Tega."

"Mwenye karamu kaketi nje, wageni wanamtafuta ndani."

Wardah akashindwa, akatoa mji; akampa Mombasa nzima, bara na kisiwa. Bibi akaupokea mji, lakini jibu hakulitoa. Mawazo yake yalikuwa mlangoni. Amengoja mengi katika umri wake, maji, mvua, watoto warudi, na hakuna kungoja kulikomlemea kama huku. Alijiuliza atapata wapi nguvu ya kurudi Mishomoroni kuwaambia wanawake waepue masufuria.

Simu ya nyumbani ikalia. Watu wa Likoni wanauliza, lakini Hussam mwenyewe amesema atakaa hata hadi isha. Bi Johari akasikiliza, akaikata simu, akashusha pumzi.

Umeme haukurudi. Mwishowe maafisa wakaanza kuwapitisha abiria mmoja mmoja, wakiandika kwa mkono kwa mwanga wa simu, na mlango wa kioo ukasukumwa kwa mabega ya watu. Mzee Ghalib alitoka katika wale wa mwisho, kanzu imemganda mgongoni, uso umekunjana.

Philister, aliyekwisha kujifanya wa nyumba moja, akamsukuma Wardah mbele. "Bibi harusi ndiye huyu, mzee."

"Shikamoo, babu," Wardah akasema, akambusu mkono.

Mzee Ghalib akaitika marahaba, akampita. Akatua mkoba wake chini, akajipangusa jasho.

"Nimekaa humo gizani nikasema basi, jibu ndilo hili," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Kisha nikaona si haki giza limjibie mtu. Mwanamwali akinyamaza, kimya chake ndiyo idhini yake. Aliyekwisha kuolewa husema kwa kinywa chake. Sema nisikie. Wamtaka?"

Bi Johari akainuka taratibu juu ya magoti yake mabovu.

"Namtaka, kaka," akasema.