Salamu za Kobe

Nyati aliugua, na bila sindano asingepona. Muuguzi Nungunungu, mwenye haraka, alimwendea bila hata kumjulia hali. Nyati akabomoa mlango, akakimbilia kichakani.

Muuguzi Kobe, anayesifika kwa salamu zisizokwisha, akamfuata polepole mpaka akafika kando ya paja lake.

"Shikamoo, mzee Nyati. Mama watoto hajambo?"

"Marahaba. Hajambo."

"Na watoto?"

"Wazima, ila mdogo anakohoa."

"Pole. Na shangazi wa bondeni, goti lake?"

Nyati akacheka. "Goti gani! Juzi kacheza ngoma mpaka vumbi likatimka!" Kisha akakumbuka, akafumba macho. "Haya mwanangu, nichome yaishe."

"Nimeshakuchoma, mzee. Tulipofika kwa shangazi."