Funda la Tatu

Baridi ya mji ule wa milimani haikuwa ya mchezo. Jogoo akiwika alfajiri, sauti iliganda hewani, ikasikika saa nne jua likishaiyeyusha. Huko ndiko Mzee Kibasa alikokuwa na shamba dogo la mizabibu, ambako marehemu mkewe, Sekela, alikuwa akitengeneza mvinyo.

Leo alikuwa anaonja mvinyo wa kwanza wa binti yao, Atusaye. Jembe lilikuwa limeegemezwa mlangoni. Mzee alishaapa kwamba ladha ya Sekela ikikosekana, mizabibu inang'olewa, vinapandwa viazi.

Akaonja wa pipa la kwanza, akatema ndooni, kama ilivyo desturi ya waonjaji.

"Maji ya kunawia haya."

Akaonja wa pili, akatema.

"Huu hata mbuzi angeomba radhi."

"Mbuzi hana ulimi mkali kama wako, Baba," Atusaye alisema, akimmiminia wa pipa la tatu. "Zabibu za huu niliziacha mtini mpaka zikaumwa na baridi. Mama alikuwa akifanya hivyo, nawe ukimgombeza."

Mzee akapiga funda. Akaiinamia ndoo. Hakutema.

"Baba, tema basi!"

Akatikisa kichwa, mashavu yametuna. Akaketi polepole kwenye kigoda cha Sekela, akafumba macho. Ukungu ukaingia mlangoni, ukalifunika jembe lote, na yeye alikuwa bado hajameza.