Bei ya Mtu Aliyeokotwa Baharini

Mwanadamu aliyeokotwa baharini akiwa mzima ni sawa na galoni ngapi za aiskrimu? Jibu bado halijapatikana. Asubuhi ile ya Oktoba 1944, mashariki ya visiwa vya Ufilipino, lilikuwa likitafutwa kwa taa za ishara baina ya manowari mbili za Kimarekani, na Kapteni Orville Brannock hakuwa akicheka.

Desturi ilikuwa wazi. Manowari kubwa za kubeba ndege zilikuwa na mashine za aiskrimu. Manowari ndogo za kusindikiza hazikuwa nazo. Ndogo ikimwokoa mtu wa kubwa, haimrudishi bure. Watu hupatana bei kama sokoni, kisha mtu huvushwa kwa kiti cha kamba kwenda huku, na ndoo huvushwa kwenda kule.

Kapteni Brannock, nahodha wa manowari ya kubeba ndege, aliijua desturi hiyo na hakuipenda. Mwezi Machi alikuwa ametoa amri ya maandishi: rubani, galoni kumi, asiye rubani, tano. "Utu haupimwi," aliwaambia maofisa wake, "lakini aiskrimu hupimwa."

Sasa alisimama kwenye roshani ya chumba cha usukani, hana kofia, suruali imeishia juu ya vifundo vya miguu. Nishani zake tatu za ushujaa hazikuwapo kifuani, lakini alikuwa na namna ya kusimama iliyomlazimisha kila mtu kuziona. Kando yake walikuwa Kamanda Tveit, mtu mpole asiyekosa njugu mdomoni, na Szymanek, mpiga ishara.

Aliyeokotwa alikuwa amepeperushwa kutoka sitahani alfajiri na upepo wa rafadha za ndege. Saa sita mchana msafara ungegawanyika: manowari kubwa kaskazini, kwenye vita vilivyongojwa mwaka mzima, ndogo kusini, kujaza mafuta. Bei isipoafikiwa kabla ya hapo, mtu yule angekwenda kusini kula maharage siku kumi huku wenzake wakipigana. Kapteni alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote.

Saa tano na nusu, taa ya upande wa pili ikapepesa.

"Kumi, afande," Szymanek akasoma.

"Kumi!" Kapteni akafoka. "Tena bila haya!"

"Kumbuka si rubani, afande," Tveit akasema huku akimenya njugu. "Amri yako inasema tano."

"Amri yangu naijua, Tveit, niliiandika mwenyewe! Nani anasimamia taa ile?"

"Kamanda Pruett."

"Pruett! Amekula mezani kwangu miaka miwili, leo ananifanyia uchuuzi. Mjibu: hapana."

Szymanek akapiga taa. Mabaharia waliojazana sitahani wakashangilia.

"Kumi na tano, afande."

"Hapana!"

Shangwe tena, safari hii na miluzi.

"Mambo ya ajabu haya," Tveit akanong'ona. "Kila ukikataa, inapanda."

"Na itapanda. Mimi simwogopi Pruett."

Taa ikapepesa kwa muda mrefu kidogo. Szymanek akajikuna sikio kabla ya kusoma. "Ishirini, afande. Bila chokoleti."

Kapteni akaiva kama nyanya. "Bila chokoleti? Ananidharau?"

"Labda hiyo chokoleti yenyewe ni mbaya, afande."

"Nyamaza wewe! Mwulize hivi: mtu mwenye utumishi wa miaka ishirini na sita ni kitu cha kuchezea?"

Szymanek akauliza. Jibu likarudi upesi.

"Anasema, 'Hatuna haraka. Huku tangu asubuhi ni utulivu mtupu.'"

Tveit akapaliwa na njugu, ikabidi apigwe mgongoni.

Zikabaki dakika saba. Ngurumo za ndege zikipasha injini moto zilisikika juu ya maji, na kwa mara ya kwanza Tveit aliacha kutafuna.

"Afande, sasa tuache mchezo. Mtu anakwenda kukosa vita. Si wewe usemaye kila siku kwamba hakuna aliye mkubwa kuliko vita?"

"Nilikuwa nikiwaambia wengine."

"Basi hata hao wengine watakushangaa."

 Taya za Kapteni zilikuwa zikicheza. Ni vigumu kwa mtu aliyezoea kupima wenzake kwa kibaba kuona kibaba kikiletwa mezani tena. Lakini saa haikumngoja aimalize hasira yake. Taa ikapepesa kwa mara ya mwisho.

"Thelathini," Szymanek akasema kwa sauti ndogo. "Anasema haongezi hata kijiko."

Mabaharia wa sitahani wakasogea karibu. Baharia mmoja alikuwa tayari ameshika bakuli.

"Kubali, afande," Tveit akasihi. "Katika vita hivi hakuna aliyewahi kufika thelathini, hata rubani. Kiti cha kamba kiko tayari. Dakika tatu zinatosha."

Kapteni Brannock akanyoosha mgongo, akaivuta ile suruali ya kuazimwa, akaitazama manowari yake kubwa iliyokuwa ikikata mawimbi mita mia mbili upande wa pili, ndege zote zimepangwa sitahani, na Pruett amekaa kwenye kiti cha nahodha.

"Mpigieni taa," akasema, na kila mtu akamsikia. "Mwambieni kwa thelathini nahodha wake harudi. Nakwenda kusini nanyi."