Tabaka la Chini

Gesi ilifoka kwa mluzi mfupi. Kijana akafunga tena koki ya faneli ya kutenganishia vimiminika, akaendelea kutikisa. Hakuthubutu kuharakisha. Ndani ya kioo kile mlikuwa na mabaki ya kazi ya miaka mitatu, na Ijumaa watahini wangetaka kuona fuwele safi mezani. Bila fuwele, nafasi yake maabarani ilikuwa imekwisha.

Mara mbili alishaibiwa. Mara mbili aliosha mchanganyiko wake kwa maji ya magadi, akauosha tena kwa maji ya chumvi mpaka uchafu ukautoka, akaenda nje kidogo, akarudi na kukuta chupa haipo. Funguo za chumba zilikuwa tatu: wake, wa Dada na wa Bingwa.

Bingwa, mtafiti mwenzao, alijipa jina hilo mwenyewe. Hakuna jambo asilolicheka. Wiki iliyopita alimwambia kijana mbele ya watu kwamba fuwele zake ni kama majini, zinasimuliwa tu, hakuna aliyewahi kuziona. Watu wakaangua kicheko. Kijana aliimeza hasira kama mtu anayemeza mwiba.

Dada hakuwa wa tumbo moja naye. Alimwita hivyo tangu siku ya kwanza, mwanamke huyo alipomshika mikono akamfundisha kutikisa faneli na kutoa gesi kabla kizibo hakijamrukia usoni. Hata leo, na utafiti wake mwenyewe umekwama tangu mwaka jana, alikuja kumshikia stendi.

Faneli ikatulia. Kioevu kikajigawa matabaka mawili, yote maangavu kama maji ya kunywa.

Dada akauliza mbona harufu ya etha haipo leo. Kijana akamnong'oneza kwamba etha iliisha jana, ameazima klorofomu idara ya jirani ya kuyeyushia mali yake. Hakumwambia mwingine yeyote.

"Klorofomu ni nzito kuliko maji, inazama," Dada alisema polepole. "Basi leo mali yetu iko chini."

"Iko chini, Dada."

Akafungua koki. Tabaka la chini likashuka kwenye chupa moja. La juu, ambalo lilikuwa maji ya chumvi tu, akalimimina kwenye nyingine, maana sheria ya maabara ni kutomwaga tabaka lolote kabla kazi haijaisha. Akaandika CHINI, akaandika JUU, akazipanga rafuni maandishi yakielekea ukutani.

Saa sita mchana mkuu wa idara akamwita. Koridoni alipishana na Bingwa, begi mgongoni, anaimba peke yake. Akageuka kulitazama lile begi. Kisha, hatua chache mbele, akatabasamu. Katika chumba kile miaka nenda miaka rudi walitumia etha, na etha huelea juu ya maji. Mwizi angenyakua JUU bila kufikiri mara mbili.

Aliporudi, Dada alikuwa ameketi kwenye stuli, macho mekundu. Rafuni palikuwa na chupa moja.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Nilitoka kunawa tu, narudi namkuta huyo mtu wako anaondoka na begi lake. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe kutwa unamchekea."

Akasimama, akamwekea mkono begani. Akamwambia waende kwa mkuu sasa hivi. Yeye atakuwa shahidi, na Bingwa afukuzwe leo leo.

Kijana hakuweza kujizuia tena. Alicheka mpaka akashika meza.

"Futa machozi, Dada. Kabeba maji ya chumvi."

Mkono ule begani ukakakamaa.

Akainyanyua chupa iliyobaki, akaigeuza ili amwonyeshe maandishi.

JUU.