Vijilango Kwenye Utando wa Mafuta

“Vua viatu, Mama Ndoo,” mtafiti alinong'ona bila kugeuka. “Ukikanyaga kwa kishindo kitapasuka.”

“Hicho kiputo chako kinadekezwa kuliko mkwe mpya,” mfanya usafi alijibu, akaviacha viatu mlangoni.

Kiputo chenyewe kilikuwa utando wa mafuta, mwembamba kuliko povu la sabuni, uliotandwa juu ya kitundu cha kibamba cha plastiki. Ndani yake vilipandikizwa vijilango kama vya msuli wa binadamu. Kijilango kikifunguka, chembe za chumvi hupenya, na umeme wake huurusha mstari kwenye skrini.

Umeme huo ni kiduchu, kwa hiyo kila kitu kilizimwa: feni, simu, hata taa ya dari. Iliachwa friji kuukuu tu, maana dawa ya kuvifungua vijilango haikai nje.

Mtafiti hakuwa mtu wa pupa. Mara thelathini na moja alidondosha maji ya chumvi yasiyo na dawa, yaliyokuwa mezani, mstari ukalala. Mara thelathini na moja alifungua friji, ikaguna, akatoa dawa, akaidondosha, mstari ukaruka. Wagonjwa wa misuli wangesimama tena. Naye, aliyechekwa miaka sita kwamba anatwanga maji kwenye kinu, angebaki na maabara yake.

Leo wafadhili walikuja kuamua kama ifungwe. Kwa kuwa mkurugenzi akishika hotuba haachi, mtafiti aliitoa dawa mapema, akaiweka kwenye kikombe cha barafu.

Hotuba ikarefuka. Mstari ulinyooka kama uzi. Mtafiti alishika kichupa cha dawa, akingoja aruhusiwe.

“Jamani, wageni wamekauka koo,” Mama Ndoo alimnong'oneza. Akanyata pekupeku hadi kwenye friji, alikoficha chupa za maji, akaifungua. Friji ikaguna, ikatetemeka, ikaanza kunguruma.

Mstari ukaruka. Ukaruka tena. Ukajaa miruko skrini nzima.

“Hivyo hapo! Vinafunguka!” mkurugenzi alipaza sauti.

Wafadhili wakainuka wakipiga makofi. Mmoja alifuta machozi.

“Hongera, mwanangu,” Mama Ndoo alisema, mkono ungali kwenye mlango wa friji. “Mvumilivu hula mbivu.”

Mtafiti alitazama kichupa kiganjani mwake. Kilikuwa kimejaa, na kizibo chake hakijaguswa.